Kuzitetea Nyimbo za Basildon

Huku kwetu Matulo, na katika pande zote zinazopitiwa na barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, imekwisha kuwa kauli ya wazee kwa vijana, walimu wa kwaya kwa watangazaji wa redio, ya kwamba muziki utolewao na kinanda cha umeme na ngoma ya mtambo ni muziki usio na roho. Na ya kwamba mtu mzima aliyezaliwa karibu na mto Nzoia, akakulia katika sauti ya litungu na ya gitaa, akionekana kuzipenda nyimbo za vijana wa Kiingereza waliosimama nyuma ya vinanda vyao katika miaka ya 1980, basi huyo ama ameghuriwa na ugeni, ama hana sikio. Kauli hiyo nimeisikia ikisemwa kwa upole na kwa ukali, harusini na matangani, na wasemaji wake aghalabu ni watu ninaowaheshimu. Kwa hiyo nitaijibu kwa hoja na kwa insafu, kwa sababu nyimbo zenyewe nazipenda mapenzi ya dhati, na kunyamaza kwangu kungekuwa sawa na kuzikana.

Nyimbo ninazozitetea ni za kundi la Depeche Mode, lililoundwa mwaka 1980 katika mji wa Basildon, mashariki ya London, na vijana wanne: Vince Clarke, Martin Gore, Andy Fletcher, na mwimbaji wao Dave Gahan. Gore alikuwa karani wa benki na Fletcher alikuwa katika kazi ya bima, na vinanda vyao vilikuwa vyepesi kiasi cha kuchukulika mkononi, hata walipoitwa kupiga London walikwenda navyo kwa garimoshi pamoja na abiria wengine. Clarke, aliyetunga sehemu kubwa ya santuri yao ya kwanza ya 1981, aliwaacha kabla mwaka haujaisha, na wengi wakadhani kwamba kundi limekwisha. Walakini Gore akaushika utunzi, Alan Wilder, aliyefundishwa piano kwa kanuni zake, akaingia mwaka 1982, na katika miaka iliyofuata zikatoka nyimbo nne ambazo kwangu zinatangulia nyingine zote: Everything Counts ya 1983, Blasphemous Rumours ya 1984, Never Let Me Down Again ya 1987, na Enjoy the Silence ya 1990.

Tuhuma ya kwanza juu ya nyimbo hizi ni kwamba mtambo hujipigia wenyewe, na mwanadamu huwa mtazamaji tu. Wanaoisema huku kwetu huidhani kuwa ni busara iliyochimbuka katika ardhi yetu, busara ya watu waliozoea ala za ngozi na za uzi. Kumbe ni hofu iliyokuwako London kwenyewe, tena wakati ule ule nyimbo zilipokuwa zikitungwa. Mwaka 1982 tawi la London ya kati la chama cha wanamuziki wa Uingereza lilipitisha azimio la kutaka sinthesaiza na ngoma za mtambo zipigwe marufuku, kwa kuhofia riziki ya wapiga fidla na wapiga tarumbeta, ijapokuwa chama kizima hakikulifanya azimio hilo kuwa sheria yake. Na kabla ya hapo, kundi la Queen, ambalo mwimbaji wake alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, lilikuwa likiandika juu ya majalada ya santuri zake za miaka ya 1970 kwamba ndani hamna sinthesaiza, na maneno hayo yakachukuliwa kuwa hati ya usafi wa kazi yao. Mwaka 1980 wakakitia chombo hicho katika santuri yao ya The Game, na mwaka 1984 wakatoa wimbo wa Radio Ga Ga, uliosimama juu ya kinanda na ngoma ya mtambo. Na sauti ya mwana yule wa Unguja haikupungua chochote. Hoja, basi, ni nzee, na waliokuwa wa kwanza kuishika ndio waliokuwa wa kwanza kuiacha.

Lakini haitoshi kuonyesha kwamba wengine wameiacha. Yapasa kuonyesha kwamba ni batili. Ndani ya sinthesaiza mna mkondo wa umeme unaotetema mara nyingi kwa nukta moja, na mtetemo huo peke yake hutoa mlio mkavu usiomfurahisha mtu. Mpigaji ndiye anayeukata makali, anayeamua uanze ghafula au uinuke polepole, ukae muda gani, ufe vipi, na usikike mbali au karibu. Na kazi hiyo huchukua saa nyingi kwa mlio mmoja tu, kabla ya noti ya kwanza ya wimbo haijapigwa. Mwenye litungu hupokea sauti ambayo mti, ngozi na nyuzi zimekwisha kumwamulia kwa sehemu kubwa. Mwenye sinthesaiza hupokea utupu, naye huulizwa autie nini. Ikiwa roho ya ala ni kule kuchagua kwa mchezaji, basi hapa kuchagua kumezidi, hakukupungua.

Tena sauti zao hazikutoka katika umeme peke yake. Mwaka 1983, walipokuwa wakirekodi santuri ya Construction Time Again katika studio iliyoko mtaa wa Shoreditch, London, walitoka nje na chombo cha kunasia sauti, wakaingia katika viwanja vya ujenzi, wakagonga mabati, mabomba na vyuma vilivyotupwa, kisha wakarudi na milio ile studioni, wakaipanga juu ya vibonye vya kinanda hata pigo la nyundo juu ya bati likaweza kupandishwa na kushushwa kuwa lahani. Wimbo wao uitwao Pipeline umejengwa kwa njia hiyo. Mtu wa Matulo akisema kwamba chuma kilichogongwa hakina roho, namwomba aikumbuke Agosti ya kila mwaka wa shufwa, kijana wa Kibukusu anapozunguka kuwaalika jamaa zake katika tohara, kengele ziitwazo chinyimba zikigonga chuma kilichovaliwa mkononi, pigo lile lile, kwa kadiri ile ile, tangu asubuhi mpaka jua linapozama, na hata usiku. Pigo halibadiliki, wala hakuna anayelitaka libadilike. Vumbi lapanda, miguu yafuata, na wimbo hupokewa na kupokezwa juu yake, sauti ya mwimbishaji ikitangulia mara, ikichelewa mara, kwa kuwa chini yake pana kitu kisichoyumba. Na mwenye kijana hasemi kwamba chuma kimeiba kazi ya mwanadamu. Huo ndio mpango wa Never Let Me Down Again: ngoma ya mtambo imetulia chini, haikosei wala haichoki, na sauti nzito ya Gahan hutembea juu yake kwa hiari yake. Waliozoea chinyimba wangalipaswa kuwa wa kwanza kuuelewa wimbo huo, na nina yakini kwamba wangeuelewa kama wasingeonywa mapema kwamba si wao.

Juni 18, 1988, katika uwanja wa Rose Bowl huko Pasadena, Marekani, mbele ya watu waliozidi 60,000, Gahan aliinua mikono katika mwisho wa wimbo huo na kuipunga huku na huku, na halaiki nzima ikaipunga pamoja naye, ikawa kama shamba la mahindi la Trans Nzoia linapopitiwa na upepo wa Julai. Mandhari hayo yamo katika filamu iitwayo 101, iliyotolewa mwaka 1989, na mwenye shaka anaweza kuitazama. Watu elfu sitini hawaliinulii mikono jambo lisilo na roho; au, ikiwa wataweza kufanya hivyo, ni juu ya mpinzani wangu kutueleza roho ni nini.

Kuhusu Enjoy the Silence nina burhani nyingine, nayo naiona kuwa ndiyo nzito kuliko zote. Gore alipouleta wimbo huo kwa wenzake, aliuleta polepole, akiuimba juu ya kinanda cha kuvukuta kwa mkono, ala ile ile ambayo wapenzi wa taarabu yenye mahadhi ya Kihindi huko Mombasa wanaijua tangu zama za babu zao. Wilder ndiye aliyeona kuwa wimbo unaweza kubeba mwendo wa kasi. Mtunzi hakuridhika mara moja, kwa kuwa aliona kasi inapingana na utulivu anaouimba. Walijadiliana, wakaujaribu, gitaa la Gore likaongezwa, na matokeo yake ni wimbo ambao huzuni yake haikufunikwa na mwendo, bali imechukuliwa nao. Mwenye kusema kwamba mtambo ndio uliotunga aniambie ni lini mtambo ulisita, ni lini ulibishana na mwenziwe, na ni lini ulikubali rai yake baada ya kuikataa. Kadhalika wimbo wa Personal Jesus, uliotoka mwaka 1989, uliimbwa upya mwaka 2002 na Johnny Cash, mzee wa nyimbo za mashambani za Kimarekani, kwa magitaa ya mbao, naye alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu wa kuishi. Vinanda vya umeme vikaondolewa, na wimbo ukasimama. Wimbo usio na uti wa mgongo haustahimili jaribio la namna hiyo.

Tuhuma ya pili ni ya ugeni, na hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu imevaa joho la uzalendo. Inasemwa kwamba nyimbo za Basildon hazituhusu ndewe wala sikio. Basildon ni mahali gani? Ni mji uliotangazwa kuwa mji mpya mwaka 1949, ili watu wa mashariki ya London, ambao vita na ufukara viliziharibu nyumba zao, wapate pa kuishi. Na mwaka 1964 kampuni ya Ford ilifungua humo kiwanda cha matrekta. Matrekta ya Ford ya rangi ya buluu, yale ambayo watu wa Kiminini na Kitale wameyasikia yakinguruma alfajiri kwa miaka mingi, na ambayo makanika wa huku wanayafungua na kuyafunga kwa macho yaliyofumbwa, mengi yake yalitoka katika mji huo huo. Mkulima wa Trans Nzoia hakuliuliza trekta uraia wake kabla ya kulitia shambani, wala hasemi kwamba gunia la mahindi lililotokana na jembe lake ni gunia la Kiingereza. Alilipokea, akajifunza tabia zake, akalitengenezea vipuri palipokosekana vipuri, na leo ni lake. Kwa nini basi mji ule ukituletea chuma cha kulimia tuseme ni baraka, na mtoto wa jirani wa kiwanda kile akituletea wimbo tuseme ni upotovu?

Na yamkini hakuna mahali katika Kenya panapofaa kuusikilizia Everything Counts kuliko Webuye. Wimbo huo ni wa kuilaumu tamaa ya makampuni, ya mikataba inayotiwa saini kwa tabasamu na watu wasioonekana tena siku ya hasara. Sisi tuliokaa chini ya moshi wa Pan African Paper Mills, kiwanda kilichoanza kazi katika miaka ya 1970, tukaivuta harufu yake ya kiberiti tukiiita harufu ya mshahara, tukayaona mabati ya nyumba zetu yakiliwa na hewa yake, kisha mwaka 2009 tukaona malango yake yakifungwa, maduka yakifuata, na wapangaji wakifungasha, tunaweza kuuelewa wimbo huo bila kufasiriwa. Ndani yake mna lahani nyembamba inayosikika kuwa ni ya ala ya jamii ya nzumari, na katika picha za filamu yake fupi Wilder anaonekana akiipuliza ala hiyo, Fletcher akiwa na melodika mdomoni, na Gore akigonga marimba. Nzumari na marimba, ala ambazo pwani ya Waswahili haihitaji kuelezwa, zimo katika wimbo tunaoambiwa kwamba hauna hata chembe ya kutugusa.

Wapinzani wangu, wanapotaka kunionyesha jadi, hunitajia gitaa la marehemu George Mukabi, mwana wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963. Nami nampenda Mukabi kuliko wanavyodhani. Ule ufundi wake wa kuvipokezanisha vidole, na mlio wa chupa ya soda inayokwaruzwa pembeni, ni fahari ya magharibi ya Kenya. Lakini gitaa lenyewe lilikuwa na umri gani katika vijiji vyetu alipolishika? Lilienea huku baada ya Vita Kuu vya Pili, likiletwa na askari waliorejea na likiuzwa madukani, na chupa ile ilitoka kiwandani na kizibo chake. Kama walinzi wa jadi wa siku hizo wangesikilizwa, Mukabi angalikatazwa yote mawili, nasi leo tusingekuwa na jadi ya kutajiana. Na mwaka 1950, Hugh Tracey alipofika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, kunasa nyimbo, aliwakuta watu waliokwisha kuisikia sauti ya Jimmie Rodgers katika gramafoni, Mmarekani aliyekufa mwaka 1933, wakamtungia nyimbo zao wenyewe, wakamwita Chemirocha, na kumwimbia kwa kinubi chao. Hawakuwa wameghuriwa. Walisikia, wakapenda, wakatunga. Na rekodi ile ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa yaliyopata kunaswa katika ardhi ya Kenya. Hata Machi 1980, redio ya Sauti ya Kenya ilipoamrishwa kwamba asilimia 75 ya muziki wake uwe wa nyumbani, amri hiyo haikudumu. Na mimi niliyetaka wanamuziki wetu wapate haki yao hewani nasema bado kwamba haki hiyo haikuhitaji sikio la msikilizaji litiwe kufuli.

Kuna tuhuma ya tatu, nayo naipa haki yake: kwamba kinanda kimoja huko harusini na kwenye matanga ya usiku kimechukua mahali pa bendi ya watu wanane. Ni kweli kwamba bendi zimepungua, na mpiga besi aliyekosa kazi si jambo dogo. Lakini bendi zetu zilikuwa zimekwisha kuvujishwa damu na kaseti zilizonakiliwa bila idhini, zikauzwa katika kila stendi ya mabasi huku mtunzi hapati hata senti, na waliofanya hivyo hawakuwa vinanda. Na yule kijana wa matangani anayebonyeza mdundo mmoja usiku kucha bila kuuchagulia sauti wala kuutungia lahani, kosa lake ni uvivu, na uvivu hauponywi kwa kumrudishia gitaa. Angalifaa aketi na santuri ya Depeche Mode iitwayo Violator, asikilize jinsi nafasi tupu zilivyoachwa kati ya sauti na sauti, jinsi kila mlio ulivyopewa mahali pake na saa yake.

Imebaki tuhuma ambayo huletwa na watu wa dini, na katika nchi yetu yenye makanisa mengi hainifai kuipita upesi. Wanasema nyimbo hizi ni za giza, na kwamba Blasphemous Rumours ni kufuru ya wazi. Wimbo huo unasimulia habari za msichana wa miaka kumi na sita aliyetaka kujiua akaokolewa, kisha wa miaka kumi na minane aliyeipata imani, akagongwa na gari akafa; na mtunzi anauliza Mungu anawatazamaje waja wake. Hakuutunga akiwa mbali na madhabahu. Clarke na Fletcher walikuwa vijana wa kikosi cha kanisa huko Basildon, na Gore mwenyewe alieleza kwamba wimbo ulichimbuka katika ibada alizohudhuria, ambako majina ya wagonjwa yalisomwa waombewe, na yule aliyekuwa wa kwanza katika orodha akafa, na watu wakashukuru hivyo hivyo. Makasisi walikasirika wakati ule, na wana wao wa huku wanakasirika hadi leo. Lakini ni mama yupi wa Matulo aliyezika binti wa miaka kumi na minane bila kuliuliza swali hilo hilo kwa sauti kubwa, mbele ya jeneza, mchungaji akisikia? Hatumwiti kafiri, tunamshika mkono. Ayubu aliuliza kwa ukali kuliko Gore, na kitabu chake kimo katika Biblia ile ile inayofunguliwa kila Jumapili. Na Wabukusu, anapofariki mzee mwenye hadhi, humwita mswala kumuse asimame mbele ya umma aseme yaliyo machungu, awakemee walio hai na kuyataja mauti kwa jina lake, na hakuna anayethubutu kumkatiza. Jamii iliyompa mtu huyo idhini hiyo, tena ikampa adhama, haina msingi wa kuukatalia wimbo wa dakika chache swali ambalo imeliruhusu liulizwe kaburini. Na wanaotaka kuukataza, kwanza wawakataze wafiwa.